Mtumbwi Katika Kundi la Mifugo

Shirati, Rorya
18 Januari 2026

Mwanangu Dorcas,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi na mama yako hatujambo, ukiacha masikio yangu ambayo sasa yameziba kabisa. Okech ananiambia nikutumie ujumbe mfupi wa simu, naye anasahau kwamba ujumbe mfupi ni mfupi. Jambo lenye sababu nyingi linahitaji karatasi, na basi la asubuhi linakwenda Mwanza kila siku.

Jambo lenyewe ni kaka yako Ojuok. Unajua kwamba mdogo wako Okech amechumbia. Binti anaitwa Winnie, anafundisha chekechea ya kanisani, na wazazi wake hawana neno nasi ila moja: wanataka kuona nyumba kabla ya Pasaka. Pasaka ikipita, wameshasema, yupo mfanyabiashara wa Tarime ambaye nyumba yake imesimama tayari. Okech ana nguzo, ana mabati, ana udongo wa kujengea hata kanisa. Asichokuwa nacho ni zamu. Wewe ni mtoto wa boma hili, hujasahau: mzaliwa wa kwanza ndiye anayesimamisha nyumba kwanza katika boma la baba yake, ndipo wadogo wanafuata. Ojuok, pamoja na ufundi wake wa mitumbwi, aliondoka hajasimamisha chochote, na huu ni mwaka wa tano hatujui alipo. Mara ya mwisho alionekana Mwanza akinunua mbao. Namba yake haipatikani.

Utaniuliza, kama mjomba wako alivyoniuliza, kwa nini tusifanye kama wanavyofanya wengine, tukasimamisha kijibanda cha jina tu kwa niaba yake, kisha Okech akaendelea. Inawezekana. Lakini hapa kwetu kijibanda cha namna hiyo husimamishwa kwa ajili ya mtu ambaye watu wake wameacha kumngoja. Mama yako amesema akiiona nguzo ya kwanza ataing'oa kwa meno. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa nifuate polepole. Juzi mchungaji alinionyesha kwenye simu yake soko la mtandaoni, alikuwa anatafuta pikipiki. Nililielewa mara moja, kwa sababu nilisimamia maktaba ya chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Vitu vyote vimepangwa kwa makundi, kama rafu. Unaingia kundi kubwa, unachagua kundi dogo lililomo ndani yake, kisha unaweka masharti: mkoa, hali ya kitu, kimetengenezwa kwa nini. Kila sharti linaondoa wasiohusika, mpaka anabaki yule unayemtaka. Fundi wa leo asipojitangaza humo hali chakula. Kwa hiyo ingia vyombo vya majini, humo chagua mitumbwi na boti, kisha Mwanza, kisha mpya, kisha ya mbao, maana Ojuok hawezi kushika faiba. Mmoja wa watakaobaki ni kaka yako.

Fuata mpangilio huo huo. Ukianza kurukaruka utapotea.

Baba yako,
Elias


Nyegezi, Mwanza
26 Januari 2026

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata, kondakta aliileta mwenyewe hadi duka la dawa ninapofanyia kazi, akataka kujua ni nani siku hizi anayeandika barua ndefu hivyo. Nimemwambia ni mwalimu. Akasema ameelewa.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilipoingia vyombo vya majini nilikuta matangazo yasiyo na mwisho: maboya, injini, makoti ya kuokolea, na mtu mmoja anayeuza samaki wa urembo wa kwenye kioo naye amejibanza humo humo. Nilipochagua mitumbwi na boti wengi wakapotea. Nilipoweka Mwanza wakapungua tena. Mpya, wakapungua. Mbao, wakabaki wachache wa kuwamaliza kwa simu wakati wa chakula cha mchana. Nimewapigia wote. Hakuna sauti yake. Nikaanza kuwauliza kama wanamfahamu fundi Mjaluo, mrefu, mpole, anayeandika majina ya mitumbwi kwa herufi nyeupe zenye kivuli cheusi. Mmoja wa Ilemela akanijibu, "Dada, unatafuta mtumbwi au mume? Mume kundi lake ni lingine." Nilicheka, Baba, lakini nilipokata simu nilikosa raha hadi jioni.

Jumapili nilikwenda Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe pale kwenye kivuko pamepoa. Nilimkuta mzee anaosha mtumbwi wake, akaniambia mafundi wa mbao wamesambaa, wengi wako kando ya barabara kuu, na kila mmoja anatengeneza kile kinachonunulika. Mtumbwi wa mbao, alisema, siku hizi watu wanaupiga picha lakini hawaununui.

Baba, naona tupunguze masharti badala ya kuongeza. Sina uhakika kama tunayemtafuta bado yuko ndani ya hayo makundi yetu. Nimekuwa nikishika simu hata nikiwa nahesabu vidonge vya wateja, na leo bosi amenikemea.

Mwanao,
Dorcas


Shirati, Rorya
4 Februari 2026

Mwanangu Dorcas,

Nakuelewa, lakini sikubaliani nawe, na nitakueleza sababu. Mtu akipotelewa na ng'ombe hasemi, "Nimepotelewa na mnyama." Husema ni ng'ombe, kisha jike, kisha mwekundu, kisha ana pembe iliyokatika. Kila neno analoliongeza linamsogeza karibu na zizi alimo. Ukianza kuondoa maneno utaletewa mbuzi na punda wa watu, na utashinda kutwa ukiwakagua. Usipunguze. Ongeza. Weka rangi ya buluu, maana Ojuok hupaka buluu ubavuni na nyeupe juu. Weka mtumbwi wa injini, si wa makasia. Na uongeze Geita na Kagera, huenda amevuka. Hilo la mikoa nakuruhusu kulipanua.

Hapa nyumbani hakukaliki vizuri. Okech amezitoa nguzo ghalani akazianika juani. Kesho yake akazigeuza. Juzi akazirudisha ghalani, jana akazitoa tena. Hali nami mezani. Anakula amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Jana nilikuwa namweleza kuhusu ulichokifanya huko Mwanza, jinsi masharti yanavyofanya kazi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye simu yake akanionyesha: "Baba, unamtafuta kaka au unatafuta kitabu?" Nikamrudishia simu yake. Mtu mwenye haraka hapokei jibu.

Nilimwona Winnie kanisani. Alinisalimu kwa heshima zote, akapiga goti, lakini hakukaa upande wetu.

Mama yako anaamka alfajiri kuangalia njia, kisha anasema alikuwa anaangalia mvua.

Endelea. Buluu, injini, mbao.

Baba yako,
Elias


Nyegezi
14 Februari 2026

Kaka Ojuok,

Simu zangu hupokei tangu nilipoondoka kwako, basi nakuandikia kama Baba anavyoniandikia, na nimempa dereva wa bodaboda anayepita Usagara barua hii aikabidhi mkononi mwako. Huyo nimemlipa asiondoke mpaka uifungue.

Hukuniuliza nilivyokupata, kwa hiyo nakuambia. Nilichoka na buluu na injini na mbao. Siku ile nilifuta masharti yote, nikabaki na Mwanza peke yake. Mama Shimba, mwenye nyumba wangu, alikuwa ananisumbua nimtafutie banda la kuku, nikasema ngoja nimalizane naye. Nikaingia mifugo, nikaingia vifaa vya ufugaji, nikaingia mabanda. Mabanda yote yalikuwa masanduku yenye wavu. Kisha nikaliona moja limepinduliwa kama mtumbwi unaokaushwa ufukweni, mbavu zake zimepindwa vilevile, mbao zimelaliana vilevile, na mbele limechongoka. Na pale kwenye ncha limeandikwa FAVOUR, herufi nyeupe zenye kivuli cheusi. Kaka, mabanda ya kuku ya watu hayapewi majina.

Nilipofika nikakuta Favour ni mtoto, na ana macho ya Mama. Nikamkuta wifi yangu Paskazia, ambaye alinipokea kama tumezaliwa pamoja. Nikaiona nyumba. Halafu ukanichukua kando ukanilazimisha niape kwamba sitasema. Nimeapa, na tangu siku hiyo kila barua ya Baba ninayoijibu naona kama natoa dawa isiyo yake.

Nimekueleza suala la Okech. Si hadithi. Winnie anapendwa na watu, na huyo mtu wa Tarime tayari ameshaonekana kwa wazazi wake akiwa amevaa koti. Usipokwenda kusimamisha nyumba kabla ya Pasaka, mdogo wako anamkosa. Ni siku chache za kazi kwa mtu mwenye mikono kama yako. Nini kinakuzuia?

Nijibu. Usiponijibu nitakuja nikae hapo kwenye mabanda yako mpaka wateja waulize bei yangu.

Dorcas


Usagara
19 Februari 2026

Dorcas,

Huyo wa bodaboda ni king'ang'anizi. Anasubiri na jibu pia, kwa hiyo naandika nimesimama.

Unauliza nini kinanizuia. Usidhani ni kuku. Mwanzoni nilikuwa naona aibu, hilo nakubali. Watu walikuwa wanavuka mpaka kuja kuagiza mtumbwi kwangu, na Baba alikuwa anawaleta wageni wake waone. Boti za faiba zilipoingia nilikaa mwaka mzima na mtumbwi mmoja uliokamilika, watoto wakacheza ndani yake mpaka ukapasuka. Nikaja huku kununua mbao za kitanda cha mtu, nikabaki. Mabanda yananunulika. Aibu imeshaisha, mwenzangu, kuku hawalalamiki.

Kinachonizuia ni hii nyumba. Kiwanja tulinunua mimi na Paskazia. Msingi nimechimba mimi, matofali nimefyatua mimi, paa nimepiga mimi, na Favour amezaliwa humu. Nikija huko nitaambiwa nisimamishe kibanda cha udongo ili nihesabike kuwa nimejenga. Sawa, nitasimamisha. Lakini hii iliyopo itakuwa nini? Mke wangu, ambaye hakupitia kwenye lango la boma, atakuwa nini? Mtoto atakuwa nini? Baba atanieleza. Unamjua akianza kueleza. Ataweka kila kitu mahali pake, bila hasira, kwa upole kabisa, na atakapomaliza sisi watatu tutakuwa tumesimama na mabegi yetu hatuna rafu.

Ningeweza kuvumilia mimi. Paskazia sitaki asikie.

Mwambie Okech namtakia heri. Najua haimsaidii.

Ojuok


Nyegezi, Mwanza
22 Februari 2026

Baba, shikamoo.

Naendelea kutafuta. Geita na Kagera sijapata fundi wa buluu.

Nina swali, si kwa ajili yangu. Kuna mteja wetu hapa dukani, naye ni wa huko kwetu, ameniuliza nikashindwa kumjibu. Mzaliwa wa kwanza akijenga mbali, kiwanja chake mwenyewe, nyumba ya matofali, akaoa, akapata mtoto, nyumba hiyo inahesabika? Naomba unieleze vizuri, najua utanieleza.

Msalimie Mama. Mwambie asiamke mapema sana, kuna baridi.

Dorcas


Shirati, Rorya
3 Machi 2026

Mwanangu Dorcas,

Nianze na swali la mteja wako, kwa kuwa lina jibu. Haihesabiki. Nyumba ya mtu inaanzia katika boma la baba yake: hapo ndipo anaposimamisha ya kwanza, analala, na asubuhi anatoka akiwa mtu mwenye mlango wake. Akishafanya hivyo anaweza kutoka akaanzisha boma lake popote. Kile alichokijenga kabla ya hapo, hata kiwe cha ghorofa, tunakiita kibanda cha safari. Mtu yuko njiani, amejikinga mvua. Mwambie hivyo kwa upole.

Sasa la hapa. Jumamosi nilikuwa kwenye ibada ya wazee. Okech aliona nafasi. Alichukua sururu akachimba shimo la nguzo, upande wa kulia wa lango, pale pa mzaliwa wa kwanza. Alikuwa anasimamisha kile kijibanda cha jina. Mama yako alikuwa anatoka kisimani. Alitua ndoo, akaenda, akaketi. Kwenye shimo, Dorcas. Akaingiza miguu ndani, akakaa ukingoni, akafunga khanga yake vizuri kama mtu aliyekuja kusalimia. Niliporudi nilikuta watu wamejaa. Okech alikuwa ameshika nguzo begani hajui aitue wapi. Nimesimuliwa kwamba alimbembeleza, akamwambia, "Mama, toka, ni jina tu." Naye akamwambia, "Basi chimbia nguzo yako, nipo hapa, na mimi ni jina tu." Hakutoka mpaka Okech aliporudisha nguzo ghalani na kulifukia lile shimo kwa mikono yake. Tangu hapo Okech analala ufukweni kwa wavuvi na hajaja nyumbani. Baba yake Winnie alikuwepo katika lile kundi la watu. Aliondoka bila kuaga.

Nilikaa siku nzima nikifikiri nani nimweleze nini, na kwa mara ya kwanza sikupata cha kueleza.

Kisha nikaisoma tena barua yako. Nimefundisha muda mrefu, mwanangu. Mwanafunzi akiuliza habari ya kitu asichokijua, swali lake linakuwa pana. Swali lako lilikuwa na kiwanja, na matofali, na mke, na mtoto. Umelichuja vizuri kuliko nilivyokufundisha.

Umemwona. Niambie yuko wapi, na kama anakula.

Baba yako,
Elias


Nyegezi, Mwanza
7 Machi 2026

Baba, shikamoo, na unisamehe.

Anakula. Yuko Usagara, pale njia panda, kando ya barabara. Anatengeneza mabanda ya kuku yenye umbo la mtumbwi na yanagombaniwa. Hayumo kwenye vyombo vya majini, Baba, wala hajawahi kuwemo. Yumo kwenye mifugo, vifaa vya ufugaji, mabanda. Tungeendelea kuongeza masharti mpaka Yesu arudi, na kila sharti lingekuwa linamfungia nje zaidi. Mimi nimempata kwa sababu nilichoka nikawa namtafutia mtu mwingine kitu kingine.

Mke wake anaitwa Paskazia, ni Msukuma wa Misungwi. Mtoto wao ni Favour, wa miaka mitatu, mtundu. Ojuok alinifanya niape nisiseme, na nimekaa na kiapo hicho kama mfupa kooni.

Kuna baya zaidi, na hili ni kosa langu. Barua yako ya mwisho ilipofika, Ojuok alikuwa amekuja mjini kununua misumari akapita dukani. Nilikuwa na wateja. Aliiona juu ya kaunta, akaujua mwandiko wako, akaisoma. Kisha akasema, "Kibanda cha safari. Ndiyo rafu yangu hiyo." Akaiweka chini, akasahau misumari yake, akaondoka. Haya mambo ya Mama na shimo naye ameyasoma, na najua yamemkata, lakini lile neno lilikuwa limeshamfikia kwanza.

Nimempigia, hapokei. Paskazia amepokea mara moja akaniambia mumewe anafanya kazi kutwa hasemi na mtu, naye hajui kosa ni lipi.

Pasaka ni tarehe tano Aprili. Sijui tena nifanye nini. Nimefanya yote uliyoniagiza na yote uliyonikataza.

Dorcas


Shirati, Rorya
12 Machi 2026

Ojuok mwanangu,

Alhamisi tarehe kumi na tisa nitakuwa Usagara. Usije kunipokea. Nitawauliza watu alipo fundi wa mabanda.

Sina maelezo.

Baba


Usagara
21 Machi 2026

Dorcas,

Usianze kunipigia, nakuandikia yote, halafu ukinipigia nitapokea.

Baba alikuja. Alishuka njia panda mchana wa jua kali, amevaa koti lake la ibada, akamuuliza muuza mahindi, na kwa kuwa hasikii akawa anauliza kwa sauti ya kuitangazia Misungwi yote. Nilimsikia kabla sijamwona: anamtafuta fundi wa mabanda, mtoto wake. Watu wakamleta kama msafara.

Paskazia alipiga magoti kumpa shikamoo, naye akaitikia, akamshika kichwa. Favour alimpanda mapajani papo hapo akaanza kumpigia kelele sikioni, na yeye akawa anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Walielewana. Baba alikula michembe ya viazi vitamu na maziwa akaomba tena. Alizunguka mabanda, akapitisha mkono kwenye mbavu, akainama kuangalia zinavyokutana kule mbele. Kisha akaizunguka nyumba. Alipima ukuta kwa shibiri, akagonga fremu ya mlango kuona kama imenyooka, akatazama juu kwenye kenchi za paa muda mrefu mpaka Favour naye akatazama juu. Hakueleza kitu. Dorcas, mchana mzima Baba hakueleza kitu chochote. Nilianza kuogopa kwamba anaumwa.

Jioni Paskazia alitandika kitanda cha chumba cha wageni. Alikuwa amenunua shuka jipya asubuhi hiyo, la maua, akalitandika akalinyoosha, akalinyoosha tena. Alikwenda kumshika mkono Baba amwonyeshe pa kulala. Baba alilitazama lile shuka, akashukuru, akachukua mfuko wake, akauliza nyumba ya wageni iko wapi.

Ungemwona Paskazia. Alinigeukia akaniuliza kwa Kisukuma kama ni chakula, au ni yeye. Damu ilinichemka. Nilijua: amekuja, amekagua, ameona kibanda cha safari, na hata kulala humo anaona ni kujidhalilisha. Nilichukua penseli yangu ya kupimia, nikaandika kwenye kipande cha mbao kilichokuwa mlangoni, nikampa: "Hata kibanda cha safari mtu hulala."

Alivaa miwani, akayasoma maneno hayo. Akayasoma tena. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya sasa, na majirani wote wakasikia:

"Kibanda ningelala. Baba halali ndani ya nyumba ya mwanawe."

Ilibidi nimweleze Paskazia. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mtoto wake wa kiume aliyejenga. Chumba cha kupanga mjini angelala, hakuna neno. Ghala angelala. Kijibanda cha udongo kilichowekwa kwa ajili ya jina angelala na kukoroma. Ila mahali ambapo mwanawe ana mlango wake, mke wake na moto wake, hapo baba hula, hushukuru, hutafuta pengine pa kulaza kichwa. Paskazia alinisikiliza, akaenda akamfungia mkate wa asubuhi. Alikuwa analia lakini si kwa lile jambo la kwanza.

Nilimbebea mfuko hadi nyumba ya wageni. Alinishika bega njia nzima, maana barabara ina malori. Pale mlangoni aliniambia kwamba ya Rorya bado inabidi isimame, kwa sababu Okech anasubiri nyuma yangu na Mama amekataa mtu mwingine aishike ile nafasi. Hakuniambia ni desturi gani. Alisema tu kwamba Mama ndiye atakayenionyesha pa kuchimba, kwa kuwa anapajua kuliko sisi wote. Jana asubuhi nilimpandisha basi.

Tunaondoka kesho baada ya ibada, sisi watatu. Nimefunga vifaa vyangu na nimewaambia wateja wangoje. Nitalala katika hiyo nyumba ya Rorya usiku mmoja, kisha siku inayofuata nashika nguzo za Okech upande mmoja, naye ashike upande wa pili. Nimempigia huko ufukweni. Akasema nguzo ziko ghalani na zimekauka kupita kiasi. Mpigie wewe umwambie aende kwa wazazi wa Winnie leo, asingoje kesho, na avae koti.

Paskazia amelikunja lile shuka. Hakuna aliyelilalia. Anasema linakwenda kwa Mama.

Kaka yako,
Ojuok